Daktari Matthew Lukwiya wa Gulu: Aliyerudi Alipoitwa



Kila mwaka Desemba inapoingia, wakati wengine wanatafuta tiketi za kwenda nyumbani kwa Krismasi, mimi humkumbuka daktari mmoja wa Uganda. Sisi tuliovuka miaka arobaini tulisikia habari zake redioni mwaka 2000. Watoto wetu waliozaliwa hapa Dubai hawamjui, na hata baadhi ya wauguzi vijana tunaofanya nao kazi hawajawahi kusikia jina lake. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida letu la Jumapili hii nisimulie maisha yake. Ninasimulia kama muuguzi, kwa hiyo mtanivumilia nikieleza mambo ya wodini.

Matthew Lukwiya alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika kabila la Waacholi. Nyumba yao haikuwa na mali. Baba yake alikuwa muuza samaki, akafa maji Matthew akiwa na miaka 12. Mama akabaki na watoto, akawalea kwa biashara ndogondogo za mpakani mwa Sudan. Wako kina mama humu kanisani wanaoyajua maisha hayo: kuuza kidogo leo ili mtoto aingie darasani kesho. Matthew alikuwa na kichwa chepesi cha masomo. Alishika nafasi za juu shuleni, akasomeshwa kwa ufadhili, akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea udaktari.

Mwaka 1983 alipelekwa kufanya mafunzo ya kazi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari wa Komboni mwaka 1959. Tangu mwaka 1961 ilikuwa imekuzwa na mume na mke, wote madaktari: Piero Corti wa Italia na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Wazee hao wawili walimtazama kijana akifanya kazi, wakaona wamempata mtu wa kumwachia hospitali siku moja. Matthew alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Wakatoliki, na hilo halikuwa kikwazo kwake wala kwao.

Miaka hiyo kaskazini mwa Uganda kulikuwa na vita. Waasi walikuwa wakivamia vijiji, wakiteka watoto, wakipora dawa. Usiku wa Ijumaa Kuu mwaka 1989 waliingia hospitali ya Lacor wakitaka kuteka watu. Daktari Lukwiya akajitoa badala yao, akawaambia waasi wamchukue yeye. Wakamchukua. Kwa muda wa wiki moja alitembezwa porini nao, kisha wakamwachia akarudi kazini. Katika miaka iliyofuata alifungua malango ya hospitali, na maelfu ya watu wa vijijini wakawa wanaingia kila jioni kulala ndani ya ua kwa usalama, wakirudi mashambani asubuhi.

Mwaka 1990 alikwenda Liverpool, Uingereza, kusomea shahada ya uzamili ya afya ya watoto katika chuo cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Alifaulu vizuri mno, akapewa nafasi ya kubaki huko kufundisha. Wapendwa, sisi tulioko ughaibuni tunajua uzito wa nafasi kama hiyo. Ni mshahara wa uhakika, shule nzuri za watoto na usiku usio na milio ya bunduki. Yeye alirudi Gulu. Sisemi hivyo kumhukumu mtu aliyekaa nje, maana mimi mwenyewe niko hapa na ninatuma ada za shule nyumbani kila muhula. Ninasema ili mwelewe alikuwa mtu wa namna gani.

Mama Lucille Teasdale aliambukizwa virusi vya UKIMWI akifanya upasuaji, kutokana na damu ya wagonjwa aliokuwa akiwahudumia. Aliendelea na kazi kwa miaka, akafariki mwaka 1996, akazikwa pale pale hospitalini. Kwa hiyo Daktari Lukwiya, ambaye sasa alikuwa mganga mfawidhi, yaani daktari kiongozi wa hospitali nzima, alijua tangu zamani kwamba kazi hii inaweza kumuua anayeifanya. Alikuwa ameliona hilo kwa mwalimu wake.

Mwaka 1998 alihamia Kampala na mkewe Margaret na watoto wao ili asomee shahada nyingine ya uzamili, safari hii ya afya ya jamii. Familia ilikuwa mbali na vita, na baba alikuwa mwanafunzi tena. Hospitali aliiacha mikononi mwa mwenzake, Daktari Cyprian Opira.

Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2000 simu ikaita kutoka Lacor. Daktari Opira alikuwa na habari mbaya. Kulikuwa na ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamekwisha kufa. Lukwiya akaondoka siku hiyo hiyo na jioni akawa Gulu.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu ndipo lilipo somo kubwa kwetu.

Homa kali, kichwa kuuma, viungo kuchoka, kutapika, kuhara: mambo hayo kaskazini mwa Uganda yanaweza kuwa malaria, yanaweza kuwa homa ya matumbo. Kila wodi ya Afrika ina wagonjwa wa namna hiyo kila siku. Ugonjwa wa nadra hujificha katikati ya magonjwa ya kawaida, na daktari mwenye wagonjwa mia hana sababu ya kuufikiria. Lukwiya alifanya kazi ambayo haina sifa mbele ya watu. Usiku ule alikaa na Sista Maria Di Santo, kiongozi wa wauguzi, wakapekua mafaili ya wagonjwa mmoja mmoja. Wakapata kesi 17 zinazofanana. Waliokufa walikuwa wametokwa na damu, na dawa za kawaida hazikuwasaidia. Tena waliougua hawakuwa wagonjwa tu, bali na wale waliowauguza. Akachukua miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za virusi zinazosababisha kutokwa na damu, akasoma usiku, akalinganisha na mafaili.

Ebola ilikuwa haijawahi kuripotiwa Uganda. Ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976, kwenye milipuko miwili ya mwaka mmoja: Nzara na Maridi huko Sudan, na Yambuku huko Zaire. Mwaka 1995 ilipiga Kikwit, Zaire, ikaua wahudumu wengi wa hospitali. Lukwiya hakuwa amewahi kuuguza mgonjwa wa Ebola. Lakini alitazama ushahidi uliokuwa mezani, akakubali kuamini jambo ambalo kila mtu angetamani lisiwe kweli.

Kisha akafanya mawili. La kwanza, hakungoja barua ipande ngazi kwa ngazi. Alimpigia simu moja kwa moja Daktari Sam Okware, kamishna katika Wizara ya Afya. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe wakaja kuchukua damu, na sampuli zikapelekwa maabara Afrika Kusini. La pili, hakungoja majibu ndipo aanze kazi. Alitenga wodi kwa ajili ya wagonjwa hao peke yao, akaomba wahudumu wa kujitolea, akawavika barakoa, magauni, aproni, glavu na gambuti, akapanga ndoo za maji yenye jiki. Katikati ya Oktoba majibu yalipotoka Afrika Kusini kwamba ni Ebola, ile ya aina ya Sudan, wodi ilikuwa imeshaanza kazi.

Wakati ule hapakuwa na chanjo wala dawa ya kuua virusi hivyo. Matibabu yalikuwa ni kumpa mgonjwa maji kwa mdomo au kwa dripu, kutuliza homa na maumivu, kumsafisha na kukaa naye. Kwa maneno mengine, ilikuwa kazi ya wauguzi. Na ndiyo kazi ya hatari zaidi, maana Ebola haipiti hewani kama mafua. Inapita kwa damu, matapishi, choo, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Anayemgusa mgonjwa kwa upendo ndiye anayeambukizwa kwanza: mama, dada, muuguzi, waosha maiti.

Msaada ulikuja. Shirika la Afya Duniani likatuma watu, na wataalamu wa Marekani wa kudhibiti magonjwa wakafungua maabara pale pale Lacor, ili damu isisubiri safari ya mbali. Wazee wa Kiacholi nao walikuwa na hekima yao. Kwa lugha yao, tauni ya namna hiyo inayokuja ghafla na kuua wengi huitwa gemo. Tangu zamani gemo ilipoingia, mgonjwa alitengwa katika nyumba yake, alama ikawekwa ili wageni wasiingie, aliyewahi kuugua akapona ndiye akamhudumia, na watu wakaacha kutembeleana. Mafunzo ya wataalamu na mila ya wazee vilikutana njia moja.

Hata hivyo wahudumu waliendelea kufa. Walikuwa wamevaa kila kitu, lakini mtu anayefanya zamu ndefu katika joto, ndani ya plastiki, huchoka, na mkono uliochoka hupangusa jasho usoni bila mwenyewe kujua. Kwa jumla hospitali ya Lacor ilipoteza zaidi ya wahudumu 10.

Mwishoni mwa Novemba hofu ikafika kikomo. Ndani ya siku moja walikufa watu saba, watatu kati yao wakiwa wahudumu. Wauguzi waligoma. Mamia ya wafanyakazi wakakusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi wakitaka hospitali ifungwe. Wapendwa, msiwalaumu. Mimi ningekuwa pale, sijui ningesimama upande gani. Walikuwa na watoto nyumbani, na walikuwa wamezika wenzao wa zamu moja.

Daktari Lukwiya alikuja akasimama mbele yao. Hakuwakemea kwa kuogopa. Alizungumza nao kwa muda mrefu, akawakumbusha Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 alivyojitoa kwa waasi kwa ajili ya hospitali hiyo na watu wake. Akawaeleza kwamba anayetaka kuondoka ana uhuru, lakini yeye atabaki, na kwamba hospitali ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena. Mkutano ulikwenda saa nyingi. Mwisho wake wakarudi wodini.

Wakati anasimama mbele yao, huenda virusi vilikuwa tayari mwilini mwake.

Siku chache kabla ya hapo, asubuhi na mapema, alikuwa ameamshwa. Muuguzi mmoja aliyekuwa amelazwa kwa Ebola alikuwa amechanganyikiwa kwa ugonjwa. Alitoka kitandani akihema na kutokwa na damu, akang'oa barakoa yake, na wa zamu waliogopa kumkaribia. Lukwiya alivaa upesi: barakoa, kofia, gauni, aproni, glavu mbili mbili na gambuti. Hakuvaa miwani ya kinga wala ngao ya uso. Akaingia, akamrudisha mgonjwa kitandani, akasaidia kumsafisha. Yule muuguzi alifariki. Wenzake waliamini kwamba ndipo daktari alipoambukizwa.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Mtu aliyefundisha hospitali nzima kujikinga, aliyesimamia sheria kila siku, asubuhi moja alikimbilia kuokoa mwenzake akaacha kitu kimoja. Sidhani ulikuwa uzembe. Alikuwa ametoka usingizini kwenda kwa mtu anayekufa. Virusi havijui nia ya mtu. Mlango ulikuwa wazi, vikaingia.

Mwisho wa Novemba homa ilimshika. Alipothibitika kuwa na Ebola aliwekwa katika wodi ile ile aliyoianzisha. Margaret alisafiri kutoka Kampala. Alilazimika kuvaa mavazi kamili ya kujikinga ndipo amwone mumewe, na hakuweza kumkumbatia. Madaktari walijaribu kila walichoweza, hata kumsaidia kupumua kwa mashine, lakini mapafu yakashindwa. Alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 5 Desemba 2000. Alikuwa na miaka 43.

Alizikwa siku hiyo hiyo katika ua wa hospitali, kando ya kaburi la Mama Lucille. Jeneza lilifungwa kabisa, wazikaji walivaa mavazi ya kujikinga, na waombolezaji wakasimama mbali. Kwa desturi zetu, kumzika mtu mkubwa hivyo bila kumwosha, bila mkesha mbele ya mwili wake, ni jambo gumu sana. Lakini hizo ndizo sheria alizowafundisha, na watu wake walimheshimu kwa kuzishika juu ya mwili wake mwenyewe.

Mlipuko ulitangazwa kwisha Februari 2001. Walioandikwa kuugua walikuwa 425, na waliokufa 224. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote ya Ebola iliyokuwa imejulikana hadi siku zile, katika eneo lenye vita na kambi zilizojaa wakimbizi. Ugonjwa ulifika hata Masindi na Mbarara, lakini ukadhibitiwa. Sehemu kubwa ya sababu ni kwamba katika juma la kwanza kuna mtu aliyepekua mafaili, akapiga simu na kutenga wodi. Hospitali ya Lacor ipo hadi leo na inahudumia watu.

Sasa nirudi kwetu hapa Dubai.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wagonjwa mahututi. Mashine ya mgonjwa wangu ikalia, nikakimbia. Nilikuwa na barakoa na glavu, lakini ngao ya uso niliiacha mezani. Muuguzi mwenzangu Mfilipino alinishika mkono wa gauni langu mlangoni, akanivalisha ile ngao bila kusema neno, ndipo akaniachia niingie. Zilikuwa sekunde chache tu. Mgonjwa alipona, na mimi nikarudi nyumbani kwa watoto wangu. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kumpenda mgonjwa ni kukimbia. Usiku ule nilielewa kwamba hata kusimama mlangoni na kufunga kamba vizuri ni kumpenda, yeye na wagonjwa watakaokuja kesho. Kwa hiyo ndugu zangu wauguzi, wasafishaji wa hospitali, madereva wa ambulansi na wahudumu wa wazee majumbani: vaeni vyote. Na ukimwona mwenzako anakimbia, mshike mkono.

Kwa familia zote nina ombi moja. Magonjwa haya hayajaisha. Ebola ya aina ya Sudan ilirudi Uganda mwaka 2022, na tena Januari 2025, na wa kwanza kufa Kampala safari hiyo alikuwa muuguzi. Marburg, ndugu yake Ebola, iliingia mkoa wa Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Hata bila hayo, malaria inaua wasafiri wanaorudi kutoka likizo, kwa sababu huku wanadhani ni mafua ya kiyoyozi.

Ukirudi kutoka nyumbani ukapata homa, nenda hospitali mapema, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe ni wapi umetoka na lini umerudi. Usingoje akuulize. Daktari wa hapa anaona mafua mia kwa siku, na hawezi kufikiria ugonjwa wa Gulu au wa Kagera kama hujamwambia umetoka huko. Ebola na Marburg huweza kuchukua hadi siku 21 kabla dalili hazijaonekana, kwa hiyo safari ya majuma matatu yaliyopita bado ina maana. Kama ulimuuguza mtu au ulikwenda msibani ambako palikuwa na ugonjwa wa kutiliwa shaka, piga simu kwanza kabla ya kwenda kukaa kwenye kiti cha kusubiri katikati ya watu. Namba ya ambulansi ni 998.

Najua kwa nini baadhi yetu huficha. Tunaogopa kazi, tunaogopa viza, tunaogopa wenzetu tunaolala nao chumba kimoja huko Deira au Al Quoz watatukimbia. Woga huo una sababu, na wale wauguzi waliokusanyika ukumbini Lacor wangeuelewa. Lakini ugonjwa uliofichwa huwapata kwanza wale wanaotupikia uji. Kama unaogopa kwenda peke yako, nitafute mimi au mzee yeyote wa kanisa baada ya ibada, au tupigie simu. Tutakwenda pamoja.

Jumapili hii katika maombi tuwakumbuke Mama Margaret na watoto wake, na familia za wauguzi wa Lacor waliokufa mwaka ule, ambao majina yao hayajulikani kama lake. Tuwakumbuke pia wote watakaoingia zamu usiku wa leo.

Mungu awabariki.